BOLTI ZA INJINI YA LORI: ZIPI ZIRUDISHWE, ZIPI ZITUPWE

Mtu apitaye katika mtaa wa Kihoto, mjini Naivasha, hakosi kuona lori limesimama uani mwa nyumba, kabini yake imeinuliwa, na vyuma vya injini vimepangwa juu ya gunia. Ndivyo ilivyo pia Gilgil, Nakuru, Molo na kila mahali penye watu wa kubeba viazi, kabichi, mchanga na mawe. Si kila mwenye lori awezaye kulipeleka kwenye gereji kubwa kila linapoharibika, wala si lazima afanye hivyo. Fundi mwenye subira aweza kufungua injini chini ya mti na kuifunga tena, nayo ikafanya kazi kwa miaka mingi.

Lakini katika kazi hiyo liko jambo moja dogo ambalo wengi hulipita kwa haraka. Injini imekwisha safishwa, gasketi mpya imeletwa, na bolti za zamani zinangoja ndani ya debe la mafuta ya taa. Je, zirudishwe zilikotoka, au zinunuliwe nyingine?

Aghalabu swali hili huzua ubishi. Fundi mzee husema, "Bolti ni chuma. Tangu nianze kazi hii nazirudisha zile zile, na magari yangali yakitembea." Kijana aliyetoka chuo cha ufundi hujibu, "Mzee, kwa heshima yako, kitabu cha gari hili chasema zitupwe zote." Mwenye lori husimama katikati akihesabu fedha zake, na mara nyingi humfuata yule ambaye neno lake lina gharama ndogo.

Ukweli ni kwamba kila mmoja wao ana haki kwa sehemu. Ziko bolti ziwezazo kurudishwa mara nyingi bila hatari, na ziko nyingine ambazo kuzirudisha ni kutega mtego ndani ya injini. Tofauti yake haitokani na uzee wa bolti, bali yatokana na jinsi bolti ilivyovutwa wakati ilipokazwa. Mtu akilielewa jambo hilo moja, ataweza kuamua kwa akili wala si kwa mazoea.

BOLTI NI KAMA MPIRA WA MANATI

Watu wengi hufikiri kwamba bolti hushika vyuma viwili kama msumari ushikavyo mbao. Sivyo. Bolti ikazwapo, kichwa chake huzuiwa na chuma cha juu, na hesi zake, yaani ile mistari izungukayo mwilini mwake, hupanda katika chuma cha chini. Basi mwili wa bolti huvutwa na kurefuka kidogo. Kwa kuwa hutaka kurudia urefu wake wa kwanza, huvibana vile vyuma viwili pamoja. Kubana huko ndiko kazi yake yote. Bolti isiyovutwa haibani kitu, hata ikiwa nene kama kidole gumba.

Urefu uongezekao ni mdogo mno. Bolti ngumu yenye urefu wa milimita 100, ikikazwa sawasawa, hurefuka kama sehemu 3 katika sehemu 10 za milimita moja. Jicho haliwezi kuuona. Hata hivyo nguvu yake ni ya ajabu. Bolti ya unene wa milimita 12, ya daraja la 10.9, yaweza kuvutwa kwa uzito wa tani kama 7 na ikiachiliwa ikarudi kama ilivyokuwa.

Sasa fikiri mpira wa manati. Ukiuvuta kwa kiasi, hurudi. Ukiuvuta kupita kiasi, haukatiki mara moja, lakini hubaki umelegea na mrefu kuliko ulivyokuwa, wala jiwe haliendi mbali tena. Chuma nacho kina mpaka wake. Kabla ya mpaka huo bolti hurefuka na kurudi, na yaweza kufanya hivyo mara nyingi. Baada ya mpaka hurefuka na kubaki hivyo hivyo. Ikivutwa zaidi hunyongeka shingo, yaani hupungua unene mahali pamoja, kisha hukatika.

Hapo ndipo lilipo jibu la ubishi wetu. Bolti ambayo haikupita mpaka wake bado ni nzima, hata ikiwa na miaka 30. Bolti iliyopita mpaka wake imekwisha tumika, hata ikiwa ilinunuliwa mwaka jana na ingali iking'aa.

MZIGO UBEBWAO NA BOLTI

Yafaa tujue pia ni adui gani bolti hizi wapigana naye. Katika injini ya dizeli, hewa hugandamizwa hadi ikawa na moto wa kutosha kuwasha mafuta. Mafuta yakiwaka, shinikizo ndani ya silinda laweza kupita mara 100 ya shinikizo la hewa ya kawaida. Silinda yenye upana wa milimita 100 ikipata shinikizo hilo, nguvu isukumayo juu ni kama tani 8. Injini ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, kila silinda hupiga hivyo mara 1,000 katika dakika hiyo moja. Kizuizi cha nguvu hiyo ni zile bolti zinazofunga silinda hedi, nazo zapaswa kubana kwa nguvu kubwa kuliko ile isukumayo, ama sivyo hedi itainuka kidogo kila pigo na gasketi itaungua.

Watu wa Bonde la Ufa wanayo sababu ya kulitazama jambo hili kuliko wengine. Lori litokalo Naivasha kwenda Nairobi huanza safari katika mahali palipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Likifuata njia ya Mai Mahiu hushuka kwanza, kisha hupanda ukingo mkali wa bonde hadi nchi ya Limuru, iliyo zaidi ya mita 2,200, tena likiwa limejaa mzigo na likienda kwa gia ndogo. Katika nchi za juu namna hii maji huchemka mapema. Pwani maji huchemka kwa digrii 100, lakini Naivasha huchemka kwa digrii kama 94. Kifuniko cha rejeta ndicho kinachoyazuia kwa kuyatia shinikizo. Kifuniko hicho kikiwa kibovu, maji huchemka kilimani, hedi hupata moto kupita kiasi na kuvimba, na bolti zinazoishika huvutwa zaidi kuliko zilivyokusudiwa kuvutwa.

Kwa hiyo lori lililochemka kilimani likaungua gasketi, bolti zake zote za hedi na zitiliwe shaka hata kama zapendeza machoni.

KUKAZA KWA ZAMANI NA KUKAZA KWA SASA

Fundi mzee hakukosea aliposema kwamba alizirudisha bolti zile zile miaka mingi. Malori kama Bedford, yaliyojulikana sana katika barabara zetu miaka ya 1950 na 1960, yalikuwa na bolti nene zilizokazwa kwa kipimo cha nguvu tu, nazo zilisimama mbali na mpaka wao. Bolti ya namna hiyo, ikiwa haina kutu wala hesi zilizoharibika, huweza kufunguliwa na kufungwa tena.

Baadaye watengenezaji waliona kasoro katika njia hiyo. Nguvu itumikayo kuzungusha spana, karibu sehemu 9 katika 10 huliwa na msuguano wa kichwa cha bolti na wa hesi zake. Ni kama sehemu moja tu katika 10 ndiyo inayoivuta bolti. Basi bolti mbili zikazwazo kwa kipimo kimoja, moja ikiwa na mafuta na nyingine ikiwa kavu na yenye vumbi, hazibani sawa hata kidogo. Ile yenye mafuta yaweza kuvutwa mno, na ile kavu ikabaki imelegea, ingawa spana imesema ziko sawa.

Kwa ajili hiyo injini nyingi za siku hizi hukazwa kwa njia nyingine. Kwanza bolti hukazwa kwa nguvu ndogo ili vyuma vikutane. Kisha huzungushwa kwa kipimo cha pembe, kwa mfano digrii 90, yaani robo ya mzunguko, na mara nyingine huongezwa robo nyingine. Kuzungusha kwa pembe hakudanganywi sana na msuguano, kwa kuwa hesi hupanda kiasi kile kile kila izungushwapo robo. Katika baadhi ya injini hizo bolti huvutwa kwa makusudi mpaka kwenye mpaka wake au kupita kidogo, ili zote zibane sawasawa. Bolti kama hizo zimekusudiwa kutumika mara moja, au mara chache zilizotajwa na mtengenezaji.

Kwa hiyo swali la kwanza si "Bolti hii ina umri gani?" Swali ni hili: "Kitabu cha injini hii chasema ikazwe vipi?" Kikitaja nguvu peke yake, huenda bolti yaweza kurudishwa baada ya kukaguliwa. Kikitaja pembe, kaa macho, usome mpaka mwisho. Wako watengenezaji waamrishao bolti mpya kila mara, na wako waruhusuo kurudisha ikiwa urefu wake haujapita kipimo fulani. Kampuni ya Cummins, kwa mfano, katika injini zake za lita 5.9 hutoa kipimo cha kulinganishia urefu wa bolti za hedi, na ile iliyozidi hutupwa.

BOLTI ZISIZO NA MSAMAHA

Ziko bolti chache ambazo, ukiwa na shaka nazo, usizirudishe kwa hali yoyote.

Za kwanza ni bolti za konrodi, yaani zile zinazokifunga kile chuma kinachounganisha pistoni na krankishafti. Mzigo wake haukai upande mmoja. Pistoni ikifika juu wakati wa kutoa moshi, hakuna moto wa kuisukuma chini. Bolti hizi ndizo zinazoizuia isiruke na kuivuta irudi. Jambo hilo hutokea mara nyingi kila dakika, kwa miaka. Ufa mdogo usioonekana hukua kidogo kidogo, kisha siku moja bolti hukatika. Konrodi iliyoachiliwa hutoboa ubavu wa bloku, na injini yote huwa chuma chakavu katika dakika moja. Ikitokea kwenye mteremko wenye magari mengi, hasara yaweza kuwa ya roho za watu.

Za pili ni bolti za vishikizo vya krankishafti na bolti za gurudumu zito la nyuma ya injini, liitwalo flaiwili. Hizi nazo hushika vitu vizito vizungukavyo kwa kasi.

Za tatu ni bolti za silinda hedi zilizokazwa kwa pembe, au zilizopata joto la kuchemka kama tulivyoeleza.

Za nne ni bolti yoyote, ya mahali popote, iliyopashwa moto wa gesi hadi ikawa nyekundu ili ifunguke. Ugumu wa bolti hutokana na kupashwa moto na kupozwa kwa kipimo kiwandani. Moto wa fundi huuondoa ugumu huo, na bolti hubaki laini kama chuma cha kawaida. Alama ya kichwani yaendelea kusema 10.9, lakini ni uongo.

Upande mwingine, bolti za karta ya mafuta, za pampu ya maji, za kifuniko cha valvu na za vishikio vidogo vidogo zaweza kurudishwa zikiwa nzima na safi. Mtu azitupaye zote kwa hofu hupoteza fedha ambazo zingemnunulia zile zilizo muhimu.

NAMNA YA KUKAGUA BOLTI YA ZAMANI

Kwanza zioshe kwa mafuta ya taa na brashi ya waya laini, kisha zikaushe. Bolti chafu haikaguliki. Halafu fanya majaribio haya:

1. Zisimamishe zote za aina moja juu ya kipande cha kioo, vichwa vikiwa chini, na kuweka rula juu yake. Ile iliyozidi wenzake imevutwa ikabaki. Lakini jihadhari: ikiwa zote zimevutwa sawa, kioo hakitakuonyesha. Ndiyo sababu ni vizuri kupima kwa kalipa na kulinganisha na kipimo cha kitabu, au na bolti mpya moja ya namna ile ile.

2. Chukua nati mpya ya hesi zile zile uizungushe kwa vidole toka mwanzo wa hesi hadi mwisho. Ikienda laini kisha ikakwama katikati, hesi zimevutwa na nafasi baina yake imebadilika. Bolti hiyo ni ya kutupwa.

3. Tazama mwili wa bolti dhidi ya mwanga. Mahali palipopungua unene ni shingo iliyoanza kukatika.

4. Tazama chini ya kichwa na katika hesi za mwanzo. Hapo ndipo nyufa hupenda kuanzia. Mashimo ya kutu, hata madogo, ni mwanzo wa ufa.

Bolti iliyoshindwa katika jaribio moja imeshindwa katika yote. Usiitie tena katika debe, maana kesho mtu mwingine ataiokota akiidhani nzima. Ipinde au uikate.

MAJI YA ZIWA

Kwa wakaaji wa Kihoto liko jambo jingine. Ziwa Naivasha lilipopanda mwaka 2020, na tena mwaka 2025, maji yaliingia katika nyumba za mtaa huo na watu wakahama. Chombo kilichosimama ndani ya maji hakifai kuwashwa mara maji yatokapo. Maji hayagandamiziki kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda na injini ikazungushwa kwa nguvu, konrodi hupinda. Ni lazima kwanza kutoa nozeli, na kuzungusha injini polepole kwa mkono mpaka maji yote yatoke, na kubadili oili.

Ziwa Naivasha ni la maji matamu, tofauti na maziwa ya Nakuru na Elmenteita yenye magadi, lakini maji matamu nayo huleta kutu. Fundi afunguapo injini iliyozama, atazame sana matundu ya bolti ndani ya bloku. Mengi yake hayakutoboka upande wa pili. Maji au oili ikibaki chini ya tundu, bolti ikikazwa huigandamiza kama pistoni ya jeki, na bloku yaweza kupasuka. Zaidi ya hayo, spana itasema bolti imekaza, kumbe imekaa juu ya maji na haikubana kitu.

Kausha kila tundu kwa kitambaa kilichoviringwa kijitini au kwa upepo wa pampu. Kusafisha hesi za ndani, usitumie chombo cha kukatia hesi mpya, maana hula chuma na kuacha hesi zimelegea. Chukua bolti moja nzima ya zamani, uipige msasa mistari mitatu kwa urefu wake kwa tupa nyembamba, kisha uipitishe tunduni kwa mkono. Uchafu utaingia katika mistari ile na kutoka nao. Kazi hiyo haihitaji fedha, bali subira.

KUNUNUA BOLTI MPYA

Si kila bolti mpya ni bora kuliko ya zamani. Bolti za kawaida za milimita zina namba juu ya kichwa, kama 8.8, 10.9 au 12.9. Namba ya kwanza, ukiizidisha kwa 100, hutaja nguvu ya kuikata kwa kila milimita mraba, kwa kipimo cha nyutoni. Namba ya pili hutaja sehemu ya nguvu hiyo ambapo bolti hufika mpaka wake. Hivyo bolti ya 8.8 hukatika kwa nyutoni 800 na hufika mpaka wake kwa 640. Ile ya 10.9 hukatika kwa 1,000 na mpaka wake ni 900. Bolti isiyo na alama yoyote haina mahali ndani ya injini. Wala mtu asifikiri kwamba daraja kubwa ni bora daima. Tumia lile alilochagua mtengenezaji.

Hesi nazo hudanganya. Bolti ya milimita 12 yaweza kuwa na hesi za nafasi ya milimita 1.25, 1.5 au 1.75. Bolti ya inchi yenye unene wa sehemu 5 katika 16 yakaribia sana ile ya milimita 8, lakini hesi zake si zile. Ikiwa bolti haiingii kwa vidole mizunguko kadhaa, usiilazimishe kwa spana.

Katika maduka ya vipuri, kama yale ya Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, ambayo zamani iliitwa Grogan, vitu vizuri na vya bandia huweza kukaa rafu moja. Kenya ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008, lakini sheria haiwezi kusimama kando ya kila mnunuzi. Nenda na bolti yako ya zamani mkononi, taja namba ya injini, dai risiti, na linganisha alama, urefu na hesi kabla ya kutoa fedha.

NAMNA YA KUKAZA UKIWA NYUMBANI

Spana ya kupimia nguvu ndiyo chombo bora, na mafundi watano wa mtaa mmoja waweza kuchanga wakanunua moja. Ikikosekana kabisa, iko njia ya kusaidia. Chukua mizani ya kuning'iniza, kama ile wapimiayo samaki huko ziwani. Pima nusu mita toka katikati ya bolti hadi mahali pa kutia ndoano kwenye mpini wa spana. Ukivuta mpaka mizani isome kilo 20, umekaza kwa kilo 10 za mita, ambazo ni nyutoni 98 za mita. Vuta polepole bila kushtua, na mizani ielekee pembe mraba na mpini. Kwa kuwa mizani hulazwa, hakikisha kwanza kwamba sindano yasoma sifuri ikiwa imelala hivyo. Njia hii haitoshi usahihi wa kiwandani, lakini yapita mbali ile ya kutia bomba refu kwenye spana na kuvuta mpaka mishipa ya shingo itoke.

Injini iwe baridi. Paka hesi, na chini ya kichwa cha bolti, kilainisho kilichotajwa na kitabu, wala usizidishe. Anza kukaza bolti za katikati ya hedi, ukielekea nje kwa zamu, na ufanye hivyo kwa hatua mbili au tatu. Kufungua huenda kinyume chake, toka nje kuja kati. Ikiwa kitabu chataka pembe, tia nukta ya rangi juu ya kichwa cha kila bolti, ili uone wazi ile iliyokwisha zungushwa robo na ile iliyosahauliwa. Vumbi la Naivasha ni jepesi na lapeperuka kwa upepo mdogo; funika injini kwa turubali safi kila uendapo kula au kulala.

Mwisho, andika katika daftari tarehe, kilomita za gari, bolti zilizobadilishwa na zile zilizorudishwa. Bolti iruhusiwayo kurudishwa mara mbili haiwezi kuhesabiwa na mtu asiyeandika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

HESABU YA MWENYE LORI

Yawezekana mwenye lori atasema, "Hayo yote ni mema, lakini sina fedha." Na aketi ahesabu. Upande mmoja aweke bei ya bolti za konrodi na za hedi. Upande mwingine aweke bei ya gasketi ya pili, oili na maji ya rejeta vilivyomwagika, siku ambazo lori litasimama, mzigo wa viazi utakaooza barabarani, na gharama ya kuvutwa hadi nyumbani. Kisha aongeze, ikiwa konrodi itatoka, bei ya injini nyingine. Kama fedha ni haba, azitumie kwanza kwa bolti zile zisizo na msamaha, na za karta azirudishe kwa amani.

Kwa lugha ya Kikuyu, neno kihooto lina maana ya hoja ya haki, ile ambayo mtu akiisikia hukubali bila kulazimishwa. Fundi mzee na kijana wa chuo hawana haja ya kugombana uani. Na waweke bolti juu ya kioo, wapitishe nati kwa vidole, wasome kitabu cha injini, na waiache bolti yenyewe ijibu. Ikiwa nzima, mzee ameshinda, na fedha za mwenye lori zimeokolewa. Ikiwa imevutwa ikabaki, kijana ameshinda, na lori limeokolewa.